Joseph Aspdin: Mwashi aliyeng'oa mawe ya barabara akatuachia saruji

Ukisimama mpakani Kobero ukahesabu malori yanayoingia kutoka upande wa Tanzania, hutakosa lori la saruji. Mfuko ni wa kilo 50, na juu yake, pamoja na jina la kiwanda, mara nyingi utakuta limeandikwa neno Portland. Wafanyabiashara wa mpakani wamelizoea neno hilo kama walivyozoea kelele za makuli, lakini wengi niliozungumza nao hudhani ni jina la kampuni, au la tajiri fulani wa Kizungu. Kumbe ni jina la kisiwa kidogo kilichoko pwani ya kusini ya Uingereza. Na aliyelibandika jina hilo kwenye saruji alikuwa mwashi wa matofali kutoka kaskazini, mbali kabisa na kisiwa chenyewe. Mtu huyo ni Joseph Aspdin.

Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tumegeuka kuwa watu wa kujenga. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, nikasoma huko katika shule za Tanzania hadi nikawa mwalimu, na nikarudi Burundi mwaka 2008 pamoja na maelfu ya wakimbizi wa mwaka 1972, watoto wao na wajukuu wao. Tulianza na maturubai, tukaja kwenye matofali, na sasa kila mwenye duka anataka mbele ya mlango wake pawe na njia ya zege ili mteja asiingie na tope. Fedha nyingi imezikwa katika zege hilo, na nyingine imepotea hivi hivi.

Aspdin alibatizwa siku ya Krismasi mwaka 1778 katika mji wa Leeds. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya sita wa Thomas Aspdin, mwashi wa matofali aliyeishi mtaa wa Hunslet. Leeds ya wakati huo ulikuwa mji wa sufu na vitambaa, uliokuwa ukipanuka kwa kasi. Viwanda vilijengwa, mifereji ya kupitishia mashua ilichimbwa, na waashi hawakukosa kazi. Joseph alifuata kazi ya baba yake. Mwaka 1811 alimwoa Mary Fotherby, na kufikia mwaka 1817 alikuwa na shughuli yake mwenyewe katikati ya mji.

Ili kuelewa alichokuwa akikitafuta, inabidi kukumbuka kwamba waashi wa zamani walijengea chokaa. Chokaa ni kitu kizuri, na wenzetu wa pwani wamejenga nayo misikiti na majumba yaliyodumu karne nyingi. Lakini hukauka polepole, na katika maji hushindwa. Mwingereza mmoja, mhandisi John Smeaton, ambaye naye alitoka pande hizo hizo za Leeds, alipewa kazi ya kujenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Eddystone, katikati ya bahari. Aliujenga kati ya mwaka 1756 na 1759, na katika kujaribu aina mbalimbali za chokaa aligundua kwamba ile itokanayo na mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake hushika hata chini ya maji. Mwaka 1796 James Parker alipata hataza ya saruji aliyoiita ya Kirumi, iliyotengenezwa kwa kuchoma mawe ya asili yenye mchanganyiko huo. Kwa hiyo Aspdin hakuanzia gizani. Kazi iliyobaki ilikuwa kuacha kutegemea jiwe la asili, na badala yake kuuchanganya udongo na chokaa kwa mkono wa binadamu.

Hapa ndipo panaponifurahisha. Barabara za Leeds ziliwekwa mawe ya chokaa, na magurudumu ya mikokoteni yaliyasaga mawe hayo mpaka yakawa vumbi, na mvua ikinyesha vumbi likawa tope. Tope hilo ambalo wengine walilikanyaga na kulilaani, Aspdin alilikusanya kama malighafi. Lilikuwa limeshasagwa tayari, bila gharama ya kinu. Lakini mtu mwenye tanuri hatosheki na tope. Inaelezwa kwamba mara mbili alifikishwa mbele ya sheria kwa kosa la kung'oa mawe mazima yaliyotandikwa barabarani na kwenda nayo. Yaani mtu ambaye jina lake linatajwa leo kila inapozungumzwa habari ya njia ya zege, yeye mwenyewe alishitakiwa kwa kubomoa barabara za watu. Sisemi alifanya vema, kwani mawe yale yalikuwa mali ya umma, kama zilivyo mali ya umma alama za barabarani zinazong'olewa kwetu na kuuzwa kama vyuma chakavu.

Tarehe 21 Oktoba 1824 alipewa hataza ya njia yake ya kutengeneza jiwe la bandia. Maelezo yake ni mafupi. Chukua mawe ya chokaa, au vumbi lake la barabarani, uyachome. Changanya na udongo wa mfinyanzi pamoja na maji mpaka upate uji laini. Ukaushe, uvunje mabonge, uyachome tena katika tanuri la chokaa, kisha usage. Vipimo hakutaja. Udongo ni kiasi gani kwa chokaa kiasi gani, moto uwe mkali namna gani, hayo hakuyaandika. Alitaka alindwe na sheria bila kutoa siri, na mfanyabiashara yeyote wa mpakani anaielewa tabia hiyo vizuri kabisa.

Hata jina alilolichagua lilikuwa la kibiashara. Jiwe la Portland liliheshimiwa kuliko mawe yote ya kujengea Uingereza, na kanisa kuu la St Paul's la London limejengwa kwa jiwe hilo. Aspdin alisema bidhaa yake ikishakuwa ngumu inafanana nalo. Katika saruji yake hakukuwa na hata punje moja iliyotoka Portland. Muuza vitenge wa sokoni anajua neno Holland lina uzito gani mbele ya mteja, na mwashi huyu aliijua siri hiyo karibu miaka 200 iliyopita.

Mwaka 1825 aliungana na jirani yake wa Leeds, William Beverley, wakafungua kiwanda Kirkgate, katika mji wa Wakefield, kiasi cha kilomita 15 kutoka Leeds. Beverley alibaki Leeds, Aspdin akahamisha familia. Kazi iliendelea hadi mwaka 1838, kampuni ya reli ya Manchester na Leeds ilipotwaa ardhi ile kwa mujibu wa sheria na kiwanda kikabomolewa. Ilimbidi ahamishie mitambo kwenye kiwanja kingine karibu na hapo. Mwaka huo huo miaka 14 ya hataza yake ilikwisha. Ndugu zangu mliowahi kuambiwa hamisheni vibanda, barabara inapita, mnaweza kukisia mwaka huo ulimkalia vipi mtu wa miaka 60.

Lakini pigo kubwa lilitoka nyumbani. Alikuwa na wana wawili. James, mkubwa, alifanya kazi ya uhasibu Leeds. William, mdogo, aliyezaliwa mwaka 1815, ndiye aliyekulia tanurini na kukisimamia kiwanda. Mwaka 1841 baba aliingia ubia na James, akatoa tangazo kwa umma kwamba William ameondoka katika kampuni na kwamba kampuni haitawajibika kwa madeni yake. Sote tumezoea kuona magazetini picha ya mtu na maneno ya kutahadharisha wateja kwamba aonekanaye pichani si mfanyakazi wetu tena. Fikiria tangazo la namna hiyo likitolewa na baba mzazi.

William alikwenda zake kusini, na mwaka 1843 akawa na kiwanda chake Rotherhithe, London. Saruji aliyoitoa huko ilikuwa na nguvu kuliko ya baba yake kwa kiwango kisicho na ulinganisho. Alikuwa amegundua, kwa akili au kwa bahati, kwamba mchanganyiko unapaswa kuchomwa kwa moto mkali zaidi, mpaka chembe zianze kuyeyuka na kushikana kuwa mabonge magumu meusi. Mabonge hayo ndiyo yanayoitwa klinka. Waashi wa kizazi cha baba yake waliyatupa wakidhani yameungua na kuharibika, tena ni magumu kusaga. Leo viwanda vya saruji duniani vinavyotengeneza klinka, vikiwemo vya Tanzania vinavyotulisha sisi, vinachoma kufikia nyuzi joto 1,450 hivi ili kupata klinka.

Naye William alilinda siri kwa vituko. Isaac Charles Johnson, aliyekuwa akisimamia kiwanda cha washindani, alisimulia baadaye kwamba kiwanda cha William kilizungushiwa ukuta mrefu, na kwamba bwana mwenyewe alikuwa akipita na sinia la unga wa rangi akiutawanya tanurini ili wafanyakazi waamini kuna dawa. Dawa haikuwepo. Johnson alihangaika kwa majaribio mengi mpaka naye akaipata klinka, akawa mtengenezaji mkubwa wa saruji, na akaishi hadi mwaka 1911, akiwa na miaka 100. William kwa upande wake alifungua kiwanda hiki, akafilisika, akafungua kile, akakimbia madeni, na mwishowe akahamia Ujerumani, ambako alifariki mwaka 1864.

Kwa maoni yangu haki ya saruji hii igawanywe. Baba ndiye aliyeipa jina na kuonyesha njia ya kuchanganya, mwana ndiye aliyeipa nguvu, na Johnson ndiye aliyeitoa katika uganga akaifanya kuwa kazi ya vipimo. Wanaoandika kwamba Joseph Aspdin aligundua saruji tunayoitumia leo wanarahisisha mno. Saruji yake yeye ingetoa sakafu dhaifu.

Sasa turudi kwenye milango yetu, maana habari hii inatuhusu hapa. Mtaa wa maduka ninapoishi, huku Makamba, wenye maduka walichanga fedha wakamleta fundi awawekee njia ya miguu ya zege kutoka kona moja hadi nyingine. Ilikuwa kiangazi. Fundi alimwaga, akasawazisha, akalipwa, akaondoka siku hiyo hiyo. Masika ya kwanza yalipofika uso wa zege ulikuwa unatoka unga kila mama alipofagia, na nyufa zilipita mahali zilipotaka zenyewe. Mama mmoja muuza samaki, aliyetoa mchango wake kwa mkopo wa kikundi, alikuwa bado analipa deni wakati njia imeshakuwa changarawe. Watu walisema saruji ya siku hizi ni mbovu. Mimi nasema saruji ilinyimwa maji.

Hili ndilo jambo ambalo wengi hatufundishwi. Udongo wa kukandika ukuta hukauka, lakini saruji haikauki. Huungana na maji na kuwa kitu kipya, na muungano huo unaendelea kwa siku na wiki. Nguvu inayopimwa kiwandani ni ya siku ya 28. Zege likinyang'anywa maji na jua siku ya kwanza, kazi hukatikia hapo, hata kama saruji ilikuwa bora namna gani. Kwa hiyo lifunikwe kwa magunia, mchanga au majani ya migomba, na limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba bila kukosa. Gharama yake ni ndoo za maji na mtoto mmoja mwaminifu.

Lakini maji hayo hayo yakizidi wakati wa kuchanganya ni adui. Fundi hupenda zege jepesi kama uji kwa sababu linatembea lenyewe, na maji ya ziada yakishatoka huacha matundu. Kwa mfuko mmoja, lita 25 hadi 28 zinatosha, na kama mchanga umelowa, pungufu ya hapo. Kipimo cha kawaida ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo ni ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, kwa ndoo ya lita 20. Pima kwa ndoo, usikubali kupimiwa kwa sepetu, kwani sepetu ya asubuhi si sepetu ya saa tisa. Zege la mfuko mmoja likimwagwa kwa unene wa sentimeta 10 linatandika kama mita moja na nusu ya mraba. Mwenye duka la upana wa mita sita anayetaka njia ya mita moja na nusu ajiandae kwa mifuko sita. Fundi akikuambia mitatu inatosha, mwulize mingine mitatu ataiweka nini.

Kabla ya yote ondoa udongo mweusi wa juu wenye mizizi, weka moramu au mawe madogo kama sentimeta 10, lowesha na ushindilie mpaka kisigino kisizame. Simamisha mbao za pembeni kwa pima maji, na mteremko uwe sentimeta mbili kwa kila mita, ukielekea nje, mbali na ukuta. Mteremko ukisahaulika, maji ya mvua yataingia dukani. Kati ya zege na ukuta acha nafasi kwa kuweka karatasi nene au nailoni, maana vitu hivyo viwili havitembei pamoja. Kisha, kila baada ya mita moja na nusu, kata mstari wenye kina cha sentimeta mbili na nusu kuvuka njia yote. Zege lazima lipasuke likijikunja, na mstari huo unalionyesha pa kupasukia. Uso usilainishwe kama kioo. Upitishwe ufagio mgumu ili wenye kandambili wasiteleze. Na mahali pikipiki na magari yatakapopanda, unene uwe sentimeta 15.

Kwa wenzangu wa mpakani, neno moja kuhusu mfuko wenyewe. Zile namba 32.5 na 42.5 si bei wala si toleo. Ni nguvu ya chini ambayo saruji hiyo lazima ifikie siku ya 28 katika kipimo cha maabara, kwa newtoni juu ya kila milimita ya mraba. Kwa njia ya miguu ya nyumbani 32.5 inafaa ikichanganywa vizuri. Lakini mfuko uliolala juu ya sakafu tupu ya ghala au ulionyeshewa foleni ya forodha umeshaanza kazi yake ndani ya karatasi. Tia mkono. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, hiyo si saruji ya njia tena, na kuichekecha na kuiuza kama mpya ni wizi. Panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Ikipita miezi mitatu huwa imeshapoteza sehemu ya nguvu hata kama haikunyeshewa.

Joseph Aspdin alistaafu mwaka 1844 na kumwachia James sehemu yake, akafariki nyumbani kwake Wakefield tarehe 20 Machi 1855. Hakuishi kuona saruji yenye jina lake ikipata heshima yake kubwa ya kwanza. Heshima hiyo ilikuja miaka michache baadaye, Joseph Bazalgette alipojenga mifereji mikubwa ya majitaka chini ya London, ambako msaidizi wake John Grant aliamuru saruji ipimwe kwanza ndipo ipokelewe, na isiyofikia kiwango ikakataliwa. Kiwanda alichokihamishia James Ings Road mwaka 1848 kiliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1900.

Ilipofika mwaka 1891, huko Bellefontaine, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mtu aitwaye George Bartholomew aliomba ruhusa ya kutandika zege barabarani mbele ya maduka. Baraza la mji halikumwamini. Lilimtaka atoe vifaa yeye mwenyewe na aweke dhamana ya dola 5,000 kwamba kazi itadumu miaka mitano. Alikubali, akaanza na kipande chembamba chenye upana wa futi nane. Wenye maduka walipokiona walidai mitaa mingine iwekwe, na mwaka 1893 ukawekwa mtaa wa Court Avenue. Sehemu ya zege la mtaa huo ipo mpaka leo.

Wenye maduka wa mtaani kwetu wamenitaka niwaandikie mkataba na fundi mpya. Nimeweka humo ndoo badala ya sepetu, siku saba za maji, na theluthi moja ya malipo kubaki mkononi mwa mweka hazina hadi masika yapite. Fundi amesoma, amekuna kichwa, na anasema theluthi ni nyingi, tumpunguzie iwe robo. Yule mama muuza samaki ndiye aliyekataa.